Kutabiri kulika na kupasuka kwa kalibu za kufulia chuma kwa simulesheni ya kompyuta: mwongozo kamili

Kinoo, yaani kipande cha chuma cha kufuliwa, chenye nyuzijoto 1,150 za Selsiasi kinapobanwa ndani ya kalibu (chombo cha chuma kinachokipa umbo), uso wa kalibu hupanda kutoka nyuzi 200 hivi hadi 400 au 500, na kwenye kona zinazosuguliwa sana hadi 600 na zaidi. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha kalibu hunyunyiziwa maji yenye grafiti, inashuka joto, na kinoo kingine kinawekwa. Baada ya mapigo elfu kadhaa kona zimelika, vipimo vya bidhaa vimetoka nje ya kiwango, au ufa umejitokeza mahali ambapo hakuna aliyeutarajia.

Simulesheni inaweza kuonyesha mapema ni wapi kalibu italika au kupasuka, na ni muundo upi kati ya miwili utadumu zaidi. Kutaja idadi ya mapigo ni jambo jingine: hilo linawezekana tu baada ya kupima kalibu halisi iliyokwisha kutumika na kurekebisha hesabu kwa vipimo hivyo. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu karakanani hadi kwenye matokeo, kwa ufuaji wa chuma cha moto. Tutakaa zaidi kwenye joto la uso wa kalibu, maana makosa makubwa huanzia hapo na kuingia katika kila hesabu inayofuata.

Kwanza tambua kalibu yako inakufa vipi

Kuna njia nne kuu, na kila moja inahitaji matokeo tofauti kutoka kwenye simulesheni.

Ya kwanza ni kulika: chuma cha kinoo na magamba yake ya oksidi vinateleza juu ya uso na kuuchubua kidogo kidogo. Hii ndiyo njia ya kawaida zaidi. Dalili yake ni mifereji inayofuata mwelekeo wa mtiririko, hasa kwenye kona za mviringo na kwenye mlango wa flashi, yaani ule mwembamba unaopitisha chuma kinachofurika pembeni. Ya pili ni kubonyea: uso umelainika kwa joto na kusukumwa, kona inakuwa butu na chuma chake kinajikusanya pembeni badala ya kuondoka. Ya tatu ni nyufa za joto, mtandao mfano wa tope lililokauka, unaotokana na uso kupashwa na kupozwa tena na tena. Ya nne ni ufa wa uchovu wa metali, ambao huanzia kwenye kona ya ndani yenye mkazo mkubwa wa kuvuta na kuelekea kwenye mwili wa kalibu.

Chukua kalibu tatu au nne zilizotupwa, zisafishe, zitazame kwa kioo cha kukuzia na piga picha. Kona iliyolika na kona iliyobonyea hufanana kwa mbali, lakini dawa zake si moja. Kata kipande kwenye kona hiyo, ling'arishe, na pima ugumu kutoka usoni kwenda ndani kila milimita 0.1. Ukikuta uso una HV 350 (HV ni kipimo cha ugumu cha Vickers) ilhali ndani kuna HV 480, kalibu imelainika kwa joto, na hesabu ya kulika inayotumia ugumu wa kiwandani itakudanganya.

Vipimo vya kukusanya karakanani

Usifungue programu kabla ya kuwa na haya:

- Halijoto ya kinoo kinapotoka tanuruni na tena dakika ileile kinapowekwa kwenye kalibu. Tumia pairomita (kipimajoto kisichogusa), na pima sehemu isiyo na magamba yaliyobanduka, kwa sababu gamba lililoinuka huwa baridi kuliko chuma kilicho chini yake.
- Halijoto ya kalibu kabla ya pigo la kwanza, na baada ya mapigo 50 na 200. Thamokapo (waya wa kupima joto) iliyopachikwa kwenye tundu milimita 5 hadi 10 chini ya uso ni bora kuliko kipimo chochote cha nje.
- Muda wa kila hatua kwa sekunde: kubeba kinoo, kukaa kwenye kalibu ya chini kabla ya pigo, pigo lenyewe, kukaa baada ya pigo, kutoa bidhaa, kunyunyizia, kusubiri. Video ya simu inatosha.
- Aina ya mashine na mwendo wake. Presi ya krenki hugusa kwa sekunde 0.05 hadi 0.1 hivi, nyundo kwa milisekunde chache kwa kila pigo, na presi ya haidroliki inaweza kubana kwa nusu sekunde au zaidi.
- Uzito wa vinoo 20 vilivyokatwa. Kinoo kizito kwa asilimia 2 kinaweza kupandisha shinikizo la mwisho kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ziada yote inalazimika kupita kwenye mlango wa flashi.
- Kani ya presi, kama ina vihisi. Ndiyo njia rahisi zaidi ya kuikagua simulesheni.

Muda wa kinoo kulala kwenye kalibu ya chini kabla ya pigo husahaulika mara nyingi. Sekunde mbili tu zinapasha kalibu ya chini na kupoza tumbo la kinoo. Ukiuacha, kalibu mbili zitaonekana zinalika sawa katika simulesheni, wakati karakanani ya chini inakufa kwanza.

Umbo na wavu wa elementi

Programu zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii, kama DEFORM, FORGE, QForm na Simufact Forming, huunda wavu upya zenyewe kinoo kinapogeuka umbo (wavu ni mgawanyo wa umbo katika vipande vidogo, yaani elementi, ambavyo kompyuta huvihesabu). Programu za jumla zinaweza kutumika, lakini kuunda wavu upya kutakula muda wako mwingi. CalculiX, ambayo ni ya bure, inafaa kwa hesabu ya mkazo ndani ya kalibu. Usiipe mtiririko wa kinoo.

Ingiza umbo la kalibu likiwa na kona zote za mviringo. Kona iliyofutwa ili kurahisisha mchoro ndiyo mara nyingi uliyokuwa unaitafuta. Ikiwa bidhaa ina ulinganifu, kata robo au kipande cha nyuzi 10 hadi 30. Kama ni ya duara kamili, tumia uigaji wa 2D. Utapata nafasi ya kuweka elementi ndogo mahali zinapohitajika.

Kwa kinoo, weka angalau elementi 5 kuzunguka kila kona ya mviringo, na angalau 4 katika unene wa flashi. Kwa kalibu, ukubwa wa elementi za usoni unaamuliwa na joto. Joto linaingia ndani kwa kina kinachokaribiana na kipeuo cha pili cha D × t, ambapo t ni muda wa mguso na D ni kasi ya usambaaji wa joto: upitishaji joto ukigawanywa kwa densiti na joto mahususi. Kwa chuma cha H13 (chuma cha kawaida cha kalibu), chenye upitishaji wa takribani 28 W/mK, densiti ya 7,750 kg/m³ na joto mahususi la 550 J/kgK, D ni kama 6.6 mm² kwa sekunde. Mguso wa sekunde 0.1 unaingia milimita 0.8, wa sekunde 0.01, kama ule wa nyundo, unaingia milimita 0.26 tu.

Elementi ya usoni isizidi robo ya kina hicho. Kwa presi, hiyo ni milimita 0.2, kwa nyundo, milimita 0.06. Elementi ya milimita 2, ambayo programu nyingi zitakupa usipoingilia kati, inasambaza joto katika unene mkubwa kuliko ule lililofika kweli, na kilele cha halijoto kinapotea. Tengeneza tabaka la elementi ndogo kwenye milimita 2 za kwanza katika maeneo ya hatari tu, kisha ziache zikue kuelekea ndani.

Kwa hatua za muda, kalibu isisogee zaidi ya theluthi ya elementi ndogo ya kinoo kwa hatua moja. Karibu na mwisho wa pigo, flashi inapojaa, punguza hadi milimita 0.05 au 0.1 kwa hatua, kwani shinikizo hupanda ghafla ndani ya milimita ya mwisho.

Data za chuma

Kwa kinoo unahitaji mkazo wa mtiririko, yaani mkazo unaohitajika ili chuma kiendelee kugeuka umbo, kulingana na halijoto, kiasi cha mgeuko wa umbo na kasi ya mgeuko huo. Chuma cha kaboni ya wastani katika nyuzi 1,100 na kasi ya mgeuko ya 10 kwa sekunde kina mkazo wa takribani MPa (megapaskali) 100. Kagua jedwali la programu linaishia kasi gani. Data iliyopimwa kwa kasi ya 0.1 ikitumika kwenye pigo lenye kasi ya 50 inaweza kushusha kani hadi karibu nusu ya ile halisi, na shinikizo kwenye kalibu litashuka nayo.

Kwa kalibu, usitumie namba za joto la chumba. Vyuma vya kawaida ni H11 na H13, vinavyotumika kwenye ugumu wa HRC (kipimo cha Rockwell) 44 hadi 50, na 55NiCrMoV7 kwa kalibu kubwa za nyundo, laini zaidi kidogo lakini ngumu kupasuka. Moduli ya Young (kipimo cha ukinzani wa chuma kunyumbuka) huanzia karibu GPa 210 na kushuka chuma kinapopata joto. Kikomo cha unyumbufu (mkazo ambao chuma kikiuvuka hakirudi umbo lake) cha H13 katika nyuzi 650 ni chini ya nusu ya kile cha joto la chumba. Ugumu nao uingizwe kama jedwali linalofuata halijoto. Namba hizo zitafute kwenye karatasi ya data ya mtengenezaji wa chuma husika. Chuma cha daraja moja hutofautiana kulingana na jinsi kilivyoyeyushwa na kutempwa, yaani kupashwa tena baada ya kugumishwa.

Ikiwa kalibu ina tabaka la naitridi (uso uliogumishwa kwa naitrojeni), lenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.3 na ugumu wa HV 1,000 hivi, ingiza ugumu unaobadilika kwa kina. Tabaka likiisha, kasi ya kulika hupanda, na hesabu yenye ugumu mmoja haiwezi kuonyesha jambo hilo.

Mguso: msuguano na upitishaji joto

Msuguano kwenye ufuaji wa moto huelezwa vizuri zaidi kwa kigezo m, ambacho ni sehemu ya nguvu ya kinoo dhidi ya mkazo wa kukata (shear). Ukiwa na grafiti na maji iliyonyunyiziwa vizuri, anza na 0.3, bila kilainishi, 0.7. Ukitaka namba yako mwenyewe, fanya jaribio la pete: pete yenye uwiano wa kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na kimo wa 6:3:2 hupashwa na kubanwa, kisha unapima tundu limepungua au limepanuka kiasi gani na kulinganisha na michoro ya simulesheni ya pete hiyohiyo kwa thamani mbalimbali za m. Msuguano mkubwa unafinya tundu, mdogo unalipanua. Tumia kilainishi chako na halijoto ya kalibu unayofanyia kazi, la sivyo jaribio halina maana.

Upitishaji joto wa mguso ndio uamuzi mzito kuliko yote. Kinoo kikilala tu juu ya kalibu, weka 1 hadi 2 kW/m²K. Chini ya shinikizo la ufuaji, thamani zinazotumika huwa kati ya 5 na 20. Ili kuona uzito wake, chukua kinoo cha nyuzi 1,150 na kalibu ya nyuzi 200 vikigusana kwa sekunde 0.1, bila joto la msuguano. Kwa 10 kW/m²K uso wa kalibu unafika takribani nyuzi 400. Kwa 20 unafika takribani 490. Ni nyuzi 90 za tofauti kutokana na namba moja ambayo watu wengi huiacha kama programu ilivyoiweka.

Upo ukomo wa kukagulia. Kwa kuwa kinoo cha moto na kalibu vina uwezo unaokaribiana wa kubadilishana joto, mguso mkamilifu ungeweka uso karibu na wastani wa halijoto mbili: 1,150 na 200 hutoa 675. Bila msuguano, simulesheni haiwezi kwenda juu ya hapo. Ikienda, kuna kosa la vizio vya namba, hatua ya muda, au elementi.

Joto la msuguano nalo usilizime. Ikiwa chuma chenye mkazo wa MPa 100 kinateleza kwa mita 0.5 kwa sekunde na m ni 0.3 ya nguvu yake dhidi ya kukatwa (MPa 58 hivi), msuguano unazalisha karibu megawati 8.7 kwa kila mita ya mraba, na takribani nusu yake inaingia kwenye kalibu. Hiyo ni karibu nusu ya joto linalopita kwa mguso wenyewe pale mwanzoni. Ndiyo sababu kona za mlango wa flashi huwa na joto kuliko sakafu ya kalibu.

Kupata thamani ya mguso iliyo yako, endesha simulesheni ya pigo moja na ulinganishe na thamokapo uliyopachika. Badilisha thamani hadi mkondo wa halijoto kwenye kina kilekile ufanane, kwa kilele na kwa muda wa kufika kileleni. Kufanana kwa kilele peke yake hakutoshi.

Endesha pigo moja, kisha ulikague kabla ya kuendelea

Kwanza acha kalibu ziwe ngumu zisizonyumbuka, lakini zenye halijoto. Linganisha mambo matatu na karakana: upana wa flashi pande zote, mahali kalibu inapojaa mwisho, na kani ya juu. Kani ikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, rudi kwenye halijoto ya kinoo na data ya mkazo wa mtiririko. Kubadilisha msuguano ili kani ifanane, wakati kosa liko kwenye halijoto, kunaharibu hesabu ya kulika hata kama grafu ya kani inapendeza.

Tazama pia ujazo wa kinoo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipungua zaidi ya asilimia 1 kwa sababu ya kuunda wavu upya, flashi itakuwa ndogo na shinikizo la mwisho litakuwa la uongo.

Mizunguko hadi kalibu itulie

Kalibu inayofanya kazi haiko kwenye halijoto uliyoipashia asubuhi. Kila pigo linaacha joto ndani yake, hadi kiasi kinachoingia na kinachotoka vinapolingana. Ukihesabu kulika kwa pigo la kwanza, unahesabu hali ambayo kalibu haikai nayo.

Chukua joto lililoingia usoni katika pigo moja, lirudie kama mzigo wa joto pekee, pamoja na kunyunyizia na kusubiri, kwa mizunguko 30 hadi 100 kulingana na ukubwa wa kalibu. Programu za ufuaji huwa na kazi hii tayari. Simamisha halijoto ya mwanzo wa mzunguko inapobadilika chini ya nyuzi 1 kati ya mzunguko na unaofuata. Kisha rudia pigo kamili ukianza na halijoto hizo. Hili pigo la pili ndilo la kutumia kwa hesabu zote za hapa chini.

Kunyunyizia kunahitaji uangalifu. Maji juu ya uso wenye joto kali hujitengenezea tabaka la mvuke linalozuia upoaji, kwa hiyo upitishaji joto wa maji hayo hubadilika kulingana na halijoto ya uso. Thamokapo yako inasaidia tena hapa: linganisha jinsi kalibu inavyoshuka joto, si jinsi inavyopanda tu.

Hesabu ya kulika

Kanuni inayotumika zaidi ni ya Archard, iliyochapishwa 1953. Kwa kila nukta ya uso, kina kilicholika katika pigo moja ni:

kina = K × (shinikizo × umbali wa kuteleza ÷ ugumu), K ikiwa kigezo cha kulika kinachopatikana kwa kupima kalibu halisi.

Programu inajumlisha thamani hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa shinikizo, kasi na ugumu vyote hubadilika ndani ya pigo. Ugumu uwe kwenye kipimo kimoja na shinikizo: zidisha HV kwa 9.81 upate MPa. Kosa la kuingiza HRC moja kwa moja linatokea mara nyingi, na hutoa namba zisizo na maana ambazo bado zinachorwa kwa rangi nzuri.

Mfano. Tuseme kona ina shinikizo la MPa 500, chuma kinateleza milimita 12, na ugumu kwenye halijoto ya kazi ni HV 250, sawa na MPa 2,450. Shinikizo mara umbali kugawanya kwa ugumu ni milimita 2.45. Kwa K ya 0.00001, mapigo 10,000 yanaondoa milimita 0.245. Ukitumia ugumu wa joto la chumba, HV 484, jibu linakuwa 0.126. Karibu nusu, na muundo wako ungepita ukaguzi bila kustahili.

Baadhi ya programu zinakuruhusu kuweka vipeo tofauti kwenye shinikizo, kasi na ugumu. Viache vikiwa 1 mpaka uwe na vipimo vya kalibu kadhaa. Vipeo vingi na kipimo kimoja hutoa mkondo unaopita kwenye kipimo hicho na kupotea kwingine kote.

Zingatia nukta zilizo peke yake zenye thamani kubwa mno. Kama elementi moja kwenye ukingo mkali inaonyesha mara tano ya jirani zake, na thamani inapanda kila unapopunguza wavu, hilo ni zao la hesabu. Soma wastani wa eneo la milimita 1 hivi, na rudia kwa nyavu mbili zenye ukubwa tofauti kabla ya kuamini.

Kulainika kwa uso

Chuma cha kalibu kilipata ugumu wake kwa kutempwa, kwa mfano kwenye nyuzi 600. Kila pigo linalopeleka uso karibu na halijoto hiyo au juu yake linaendeleza kutempa kulekule. Kigezo cha Hollomon na Jaffe, cha 1945, kinaunganisha halijoto na muda:

P = T × (20 + log t), T ikiwa kelvini na t saa.

Kalibu iliyotempwa kwenye nyuzi 600 kwa saa 4 kwa jumla ina P ya takribani 17,990. Sasa tuseme kona inakaa kwenye nyuzi 650 kwa sekunde 0.1 kila pigo. Mapigo 10,000 ni sekunde 1,000, au saa 0.28, na P inakuwa 17,950. Maana yake, baada ya mapigo 10,000 kona imekwishatempwa upya kwa kiwango cha kiwandani, na kuanzia hapo inalainika. Kona hiyo ikifika nyuzi 700, P ileile inafikiwa kwa sekunde 110 tu: mapigo 1,100.

Nyuzi 50 zimegeuza mapigo 10,000 kuwa 1,100. Ndiyo maana saa ulizotumia kwenye thamokapo na thamani ya mguso hazikupotea. Kosa la nyuzi 90 tuliloliona linatosha kubatilisha utabiri wote wa maisha ya kalibu.

Kwa vitendo: toa mkondo wa halijoto wa nukta tatu au nne za hatari, ugawanye katika vipande vya nyuzi 25, geuza muda wa kila kipande kuwa muda linganifu kwenye halijoto moja ya rejea, jumlisha, na zidisha kwa idadi ya mapigo. Tafuta ugumu unaolingana na P hiyo kwenye mkondo wa kutempa wa chuma chako. Kisha rudia hesabu ya kulika kwa ugumu mpya, kila mapigo 1,000 au 2,000. Kipimo cha ugumu ulichokifanya kwenye kalibu ya zamani kitakuambia kama uko karibu na ukweli.

Mkazo, kubonyea na nyufa

Hapa kalibu inageuzwa kuwa kitu kinachonyumbuka. Kwa ufuaji wa moto inatosha kuchukua kani za mguso na halijoto kutoka kwenye simulesheni iliyotangulia na kuziweka juu ya kalibu katika nyakati tatu hadi tano, hasa milimita 2 za mwisho. Usichukue mwisho wa pigo pekee. Kona ya ndani inaweza kupata mkazo mkubwa kabla ya kalibu kujaa, pande zake zikiwa bado hazijasukumwa sawasawa.

Jinsi unavyoishikilia kalibu ina maana kubwa. Kufunga nukta zote za sakafu kunaifanya kalibu kuwa ngumu kupita hali halisi na kuficha mkazo wa kuvuta kwenye kona. Chora bamba lililo chini yake na uweke mguso unaoruhusu kuteleza. Kama kuna pete ya kubana, weka mbano wake kwanza, kabla ya mzigo.

Kwa kubonyea, linganisha mkazo linganifu wa von Mises (namba moja inayojumlisha mikazo ya pande zote) na kikomo cha unyumbufu kwenye halijoto ya nukta ileile, wakati uleule. Kwa ufa wa uchovu, tazama mkazo mkuu wa kuvuta kwenye kona za ndani, pamoja na tofauti kati ya kilele na hali ya kupumzika. Kuongeza nusu kipenyo cha kona kutoka milimita 2 hadi 4 hushusha mkusanyiko wa mkazo kwa takribani robo hadi theluthi, na maisha ya uchovu huongezeka mara kadhaa hata kwa punguzo la asilimia 20.

Nyufa za joto zina hesabu fupi ya kuanzia. Uso uliozuiwa kutanuka hupata mkazo wa E × α × ΔT ÷ (1 − ν), ambapo E ni moduli ya Young, α ni utanukaji kwa kila nyuzi, ΔT ni tofauti ya halijoto, na ν ni uwiano wa Poisson (wa kusinyaa pembeni chuma kinapovutwa). Kwa GPa 190, 0.0000125 kwa nyuzi, tofauti ya nyuzi 400 na ν ya 0.3, jibu ni karibu MPa 1,360 za kubanwa. Uso wa moto hauwezi kuubeba mkazo huo bila kugeuka umbo, kwa hiyo unasinyaa kidogo na kubaki hivyo, na unapopoa unavutwa. Mvuto huo unaorudiwa ndio unaofungua mtandao wa nyufa. Ukitaka kuupunguza, pandisha halijoto ya msingi ya kalibu au punguza ukali wa kunyunyizia. Ila kupandisha msingi kunaharakisha kulainika, hivyo angalia hesabu zote mbili pamoja.

Kuna jambo ambalo simulesheni haitaliona isipoambiwa: kalibu iliyochongwa kwa cheche za umeme hubaki na ngozi nyembamba iliyoyeyuka na kuganda upya, yenye vijiufa tayari. Isipong'arishwa, ufa utaanza mapema kuliko hesabu yoyote.

Kurekebisha K kwa kalibu iliyotumika

Skani kalibu ikiwa mpya, kisha tena baada ya mapigo yanayojulikana. Linganisha picha mbili kwa kuzipanga kwenye nyuso zisizolika, kama nyuso za kuongozea au za kukalia bamba, kamwe si kwa kutafuta mfanano wa jumla wa umbo lote. Mfanano wa jumla hugawa kulika pande zote na kukificha. Kama kalibu haiwezi kutolewa kwenye presi, weka kando bidhaa moja kila mapigo 1,000 na uskani hizo zikishapoa, ukizingatia kwamba chuma kimesinyaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.

Tuseme kona ya mfano wetu imelika milimita 0.30 baada ya mapigo 8,000. Mapigo 8,000 mara 2.45 ni milimita 19,600, na K inakuwa 0.30 ÷ 19,600, yaani 0.0000153. Fanya hivyo kwenye nukta 5 au zaidi. K zikitofautiana kidogo, chukua wastani. Nukta moja ikitoa K mara tatu ya nyingine, usiichanganye kwenye wastani: huenda kona hiyo haikulika bali ilibonyea, kilainishi hakiifikii, au magamba ya oksidi yanajikusanya hapo. Rudi kwenye picha ulizopiga mwanzoni.

K iliyopatikana ni ya mchanganyiko ule: chuma kile cha kalibu, kilainishi kile, namna ile ya kuondoa magamba na halijoto ileile. Ukibadilisha tanuru ya gesi kwa ya induksheni, kinoo kinatoka na magamba machache na K itashuka. Pima upya.

Ukilinganisha miundo miwili, badilisha kitu kimoja kwa wakati na uache wavu, hatua za muda na K vilevile. Anza na vitu vya bei nafuu kuvibadilisha karakanani: unene wa flashi, nusu kipenyo cha mlango wake, uzito wa kinoo, muda wa kinoo kukaa kwenye kalibu ya chini. Endesha kila muundo mara mbili zaidi, mara moja kwa kinoo kizito kwa asilimia 2 na mara moja kwa halijoto pungufu kwa nyuzi 50. Muundo unaoongoza kwenye hali bora pekee na kushindwa kwenye hizo mbili usiupeleke kwenye mashine ya kuchonga.